Mtoto wa fundi baiskeli asiyeweza baiskeli: mazoezi ya mtoto ambaye "mkono hausikii"

Spoku Mbili

Mbukwenyi wakuu.

Niko Chang'ombe ya hapa Dodoma sio ile ya Dar. Kazi yangu fundi baiskeli, huu mwaka wa 14 naziba pancha na kunyoosha rimu, watoto wa mtaa mzima wamejifunzia baiskeli mbele ya kibanda changu, na katika wote hao mmoja tu ndo alikuwa hawezi. Wa kwangu. Ana miaka 9, yuko la tatu.

Na sio baiskeli tu. Kikombe kinamponyoka, vifungo vya shati la shule anafunga vinapishana, akikimbia unaona kabisa miguu na mikono kila kimoja kina safari yake. Kwenye chandimu wakigawana timu anabaki yeye, af anapewa upande uliopungukiwa kama nyongeza ya dukani. Daftari lake mwalimu aliandika kwa peni nyekundu "mzembe". Na mtoto mwenyewe kichwani yuko vizuri, hesabu ya chenji anamshinda mdogo wangu anayeuza duka kabisa.

Alipochelewa kutembea bibi yake alituambia tuchimbe shimo tumsimamishe humo na mchanga mpaka magotini miguu ikomae. Tukachimba. Akasimama humo akasinzia 😂

Sasa kilichonifanya niamke. Kiangazi cha mwaka juzi maji hayatoki, tunanunua kwa dumu, nikamtuma na ndoo ndogo. Akamwaga njiani. Nikamrudisha, akamwaga tena, safari hii mlangoni kabisa. Nikampiga. Sifichi, nilimpiga. Hakukimbia wala nini, akasimama pale pale akaniambia "baba mimi nauambia mkono ushike, mkono hausikii".

Usiku ule sikulala jamani.

Mzunguko wa hospitali ulikuwa mrefu sitausimulia wote, kuna mahali nikaambiwa "atakua tu huyo" nikarudi home. Mwisho tukampata daktari wa watoto aliyetupa muda, akampima macho, akamgonga magoti kwa kile kinyundo, akampa kalamu achore, akamsimamisha mguu mmoja, akauliza alizaliwaje. Nikamwambia alizaliwa njiti, wa miezi saba. Akaandika herufi tatu, DCD. Akasema ni tatizo la mtoto kushindwa kupanga na kuratibu mwendo wa mwili wake, sio uvivu sio akili na hakuna dawa ya kumeza. Akatupa barua kwa dada mmoja wa mazoezi.

Huyo dada ndo uzi wenyewe. Mimi nilienda nikijua tutafundishwa kunyoosha viungo, kuchuna misuli na mafuta ya moto. Yeye hata hakuniangalia, akainama kwa mtoto akamuuliza "wewe unataka uweze nini?"

Kuna mteja hapa na tairi lake, narudi.

Kibaigwa Original

Natia nanga hapa. Fundi usichelewe na hilo tairi.

Mzee wa Fimbo

Malezi ya siku hizi hayo. Sisi tumelelewa Mpwapwa huko tunachota maji kisimani kilomita nzima na hakuna aliyemwaga, kwa sababu ulikuwa unajua ukimwaga kinachofuata. Sasa hivi kila mtoto mlegevu anatafutiwa jina la kizungu.

Tabibu Mikono

@Mzee wa Fimbo shikamoo mzee wangu. Hata huko Mpwapwa walikuwepo ila waliitwa goigoi, wakakaa pembeni wenzao wanacheza, na leo hakuna anayewakumbuka.

Mimi niko kwenye utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa mwili, nilisomea Moshi pale KCMC. Ngoja nimsaidie fundi maana amesema vizuri ila kuna vitu watu watachanganya.

Mrushie mtu mzima funguo. Utaona mkono umeanza kufunguka kabla funguo hazijafika, ubongo umeshapiga hesabu zitatua wapi na saa ngapi. Hawa watoto ile hesabu ya mbele ndo inayumba. Wao wanasubiri mpaka waone kitu kimetokea ndo warekebishe, na kufikia hapo kikombe kiko chini. Kwa hiyo ukimuona anaangalia mkono wake kwa macho yote mawili akimimina chai sio kwamba anaringa, anaendesha mkono kwa kuutazama, kama mtu anayeendesha gari akiangalia tairi badala ya barabara. Inachosha hiyo. Ndo mana jioni wanakuwa wamechoka na wana hasira bila sababu inayoonekana.

Ni wengi kuliko mnavyodhani, kwa watoto wa umri wa shule ya msingi ni kama 5 mpaka 6 kati ya 100, wavulana zaidi ya wasichana. Njiti wako kwenye hatari zaidi. Na karibu nusu yao wana na lile tatizo la kutotulia na kutoweka umakini, ndo hapo mtoto anakula viboko vya makosa mawili kwa mkupuo.

Kipimo sio damu wala picha ya kichwa. Kuna jaribio linaitwa Movement ABC, toleo lake la pili ni la miaka 3 mpaka 16, mtoto anatunga shanga, anadaka, anasimama mguu mmoja, af analinganishwa na wa rika lake, akiangukia kwenye asilimia 5 za chini kabisa hapo ni wazi, akiwa kati ya hapo na 15 unamfuatilia. Kuna na lingine la mazingira kama yetu, PERF-FIT, hilo limejaribiwa Afrika Kusini, vifaa vyake vya bei nafuu, mpira, kifuko cha mchanga, ngazi ya kulazwa chini. Ila namba peke yake haitoshi, lazima tatizo liwe linamkwamisha kwenye maisha, kuvaa, kula, kuandika, kucheza. Na lazima uondoe mengine kwanza, macho, misuli, mtindio wa ubongo, akili.

Halafu naomba hili msilipite. Kama mtoto ALIKUWA anaweza kitu na sasa hawezi tena, au akiinuka chini anajipandia mapaja yake kwa mikono, au upande mmoja tu ndo dhaifu, au anaanguka kwa degedege, hiyo sio hii habari ya fundi. Huyo mpeleke hospitali wiki hii hii.

Spoku Mbili

Nimerudi. Asante sana dada Tabibu, umeeleza kuliko nilivyoelezwa.

Basi mtoto akajibu mambo matatu. Nilidhani atasema mwandiko maana ndo unaotupigisha kelele nyumbani. Akasema anataka kufunga vifungo mwenyewe asichelewe mstarini, anataka kudaka mpira, na anataka baiskeli. Mwandiko hata hakuutaja 😅 Dada akaniambia baba tunaanza na yake, ya kwako yatafuata.

Af akamfundisha maneno manne. Lengo, mpango, fanya, angalia. Anasema njia hii ilitengenezwa Kanada, mtoto anachagua vitu vitatu na mnaonana kama mara kumi hivi basi, kazi kubwa inafanyika nyumbani. Nilicheka moyoni, mara kumi tu kwa mtoto aliyeshindwa miaka tisa?

Vifungo. Dada alimwacha afunge anavyofunga siku zote, anaanzia juu kwenye kola, ambako haoni kitu. Hakumwambia. Akamuuliza "kwa nini vimepishana?" Mtoto akaangalia akasema sijui. "Hicho cha kwanza ulikiona?" Kimyaaa. Af kijana anasema "hapana, kiko chini ya kidevu." "Kwa hiyo mpango mpya ni upi?" Akasema "nianze chini". Wakuu mimi nilikuwa namwambia kila siku "funga vizuri" na hata mara moja sikuwahi kufikiria kwamba cha juu hakionekani. Akaanza chini, vikakaa sawa, akavaa lile shati nje ya suruali wiki nzima ili watu waone vifungo.

Nilivyotaka kumsaidia nikaambiwa nisimfungie cha kwanza nikamwachia vigumu. Nimfungie vyote nimwachie cha MWISHO, ili yeye ndo amalize. Kesho namwachia viwili. Inaingia akilini, mtu anayemaliza anajiona ameweza.

Mwl wa Kongwa

Fundi umenichoma. Nafundisha la pili huku Kongwa, darasani nina watoto 87 na dawati moja wanakaa wanne. Kwa hesabu ya Tabibu ninao wanne watano humo ndani na nikifumba macho nawaona sura zao mmoja mmoja. Na hilo neno "mzembe" nimeliandika mimi mara nyingi tu, labda sio kwa mwanao ila kwa wa mwenzako.

Nauliza sasa, mwandiko nifanyeje na mazingira haya? Maana KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) inataka aandike, af mtihani unataka aandike haraka.

Tabibu Mikono

Mwalimu hongera kwa kusema hivyo, wengi hawasemi.

Kwanza mkalishe mwishoni mwa dawati, ukuta au njia upande wa mkono anaoandikia, asiwe anagongwa na viwiko vya wenzake. Miguu iguse kitu, kama dawati refu weka tofali chini, mtoto anayening'inia miguu anatumia nguvu zote asidondoke, hana iliyobaki ya kuandika. Penseli fupi nene ni rahisi kwake kuliko ndefu, unaweza kuzungushia kitambaa na raba bendi. Af mpunguzie kunakili. Wenzake wakinakili maswali kumi yeye mwandikie namba aandike majibu tu, kama unapima hesabu pima hesabu, usimpime mkono wakati wa hesabu.

Na ukimfundisha herufi usimpe ukurasa mzima wa "a". Mpe nne, af muulize ipi kati ya hizi imekaa vizuri na kwa nini. Akijua kwa nini, ya tano inabadilika. Akijaza ukurasa bila kujua anazidi kuizoea mbaya.

Mzee wa Fimbo

Sawa nimesoma. Ila mnataka kuniambia mtoto akichezeshwa michezo ya kawaida, kuruka kamba, kupanda miti, mwili haujengeki? Sisi ndo ilikuwa tiba yetu hiyo.

Tabibu Mikono

Mzee hilo ni swali zuri na hapo ndo penye ugomvi wa siku nyingi kwenye kazi yetu. Zamani wataalamu walikuwa wanajenga "msingi" kwanza, mtoto analala juu ya mpira mkubwa, anabembezwa, anapigwa brashi mwilini, kwa imani kwamba msingi ukikaa sawa kufunga kamba za viatu kutakuja kwenyewe. Hakukuja. Mtoto aliishia kuwa bingwa wa kulala juu ya mpira. Mwongozo wa kimataifa uliotoka 2019 unasema tufundishe shughuli yenyewe. Anataka baiskeli, fundisha baiskeli. Unachobadilisha ni ugumu wa kazi, Waholanzi wana njia yao imekaa hivyo hivyo, unaipasua kazi unatafuta mtoto anakwama wapi unalegeza hapo tu, ukubwa wa mpira, kasi, umbali, af unakaza kidogo kidogo.

Michezo iendelee, moyo na pumzi vinahitaji, maana hawa wakichekwa wanaacha kucheza, wakiacha kucheza wanazidi kubaki nyuma. Ila usimtupe tu kwenye kundi ukasema atajifunza humo. Wenzake wanaokota kwa kutazama, yeye haokoti, anahitaji kuonyeshwa.

Spoku Mbili

Hapo kwenye mpira nilijionea. Dada alisema tuanze na puto maana linashuka taratibu, hesabu inapata muda. Dodoma na upepo wake huu! Puto la kwanza lilienda zake Nkuhungu. Tukahamia ndani. Af mpira wa matambara, zamani ungesema wa mifuko ya nailoni ila tangu 2019 mifuko ilivyopigwa marufuku watoto wanafunga vitambaa na kamba. Mzuri kweli, haudundi ovyo, ukimgonga hauumi. Tulianza hatua mbili, mama yake anarusha kwa chini, mtoto anasema kwa sauti "macho kwenye mpira, mikono kikapu, vuta". Alijitungia mwenyewe hayo. Mdogo wake wa miaka 5 naye akawa anayaimba hata akila.

Wiki ya pili hakudaka hata mmoja siku tatu mfululizo, akatupa mpira juu ya bati akasema hataki tena. Nilimpigia dada. Akauliza "mlifanya muda gani?" Nikamwambia saa nzima kila jioni, nilikuwa na hamu. Akanigombeza. Dakika kumi, kumi na tano, basi, na muache wakati bado anataka. Nikapunguza. Mdako nao tulijaribu ukatushinda, kijiwe kinaruka na kurudi haraka sana, huo tumeuweka kiporo.

Sasa baiskeli. Hapa mimi ndo mtaalamu bana. Watu wengi wanamfundisha mtoto kwa kushika kiti nyuma wanakimbia naye huku wanapiga kelele "kanyaga kanyaga", mtoto anafikiria vitu vinne kwa pamoja, usukani, pedeli, breki, na kuanguka. Nikajiuliza swali la dada, anakwama wapi? Anakwama kwenye balansi, pedeli ni mzigo wa ziada. Nikachukua baiskeli ndogo ya 16, nikang'oa pedeli na krenki yote, nikashusha kiti mpaka nyayo zake zote mbili zikalala chini. Akawa anasukuma na miguu kama anatembea ameketi. Nilimwambia hakuna kuanguka hapo, miguu yako ndo breki.

Siku kumi na mbili anatembea tu. Vijana wa bodaboda pale kona wakaanza "fundi umeuza pedeli za mwanao?" Nikavumilia. Ya kumi na tatu kuna kamteremko kadogo kutoka kwa muuza mkaa mpaka kibandani kwangu, nikamuona ameinua miguu. Hatua tatu hivi. Af tano. Af akaja mzima mzima mpaka akagonga meza yangu ya spana, spoku zikamwagika zote mchangani, na sikuokota hata moja kwanza.

Nikarudisha pedeli ya kulia peke yake. Baada ya wiki ya kushoto. Kukata kona kwenda kushoto bado anapata shida, anasimama anaigeuza baiskeli kwa mkono af anaendelea. Mimi namuona yuko sawa tu.

Nimekua Nayo

Nasoma huku machozi. Mimi nina miaka 34 niko Area D, nafanya kazi ofisini, na nimejijua kupitia uzi huu leo. Sijawahi kudaka kitu maishani. Leseni ya gari nilifeli mara tatu kwenye kurudi nyuma, ya nne nikapata kwa sababu mwalimu wa mwisho alinifundisha kwa maneno, "kioo cha kushoto ukiona ile nguzo, zungusha mara moja na nusu". Mpaka leo narudisha gari kwa kuhesabu. Harusini sichezi. Kwenye sherehe nachagua soda ya chupa, sio glasi, na huwa nawaambia watu napenda hivyo.

Tabibu, kwa mkubwa inapona?

Tabibu Mikono

Pole na karibu. Kwa zaidi ya nusu yao inakua nao, ndo ukweli. Ila kitu kimoja kimoja kinafundishika katika umri wowote, na huyo mwalimu wako wa gari alifanya tunachofanya sisi bila kujua. Chagua kimoja unachokitaka kweli, sio kumi. Kama ni kucheza harusini, tafuta mtu akupasulie hatua, mguu gani kwanza, af taja kwa sauti.

Mama Bahi

Samahani nachelewa kuuliza, mwanangu wa kike ana miaka 3 na nusu, anaanguka anguka sana na kijiko hawezi kushika vizuri. Ni hii hii? Na niko Bahi huku, huyo dada wa fundi anapatikana wapi?

Tabibu Mikono

Mama kwa umri huo mara nyingi hatutoi jina, tunasubiri afike 5 maana watoto wadogo wanatofautiana sana, wengine wanachangamka wenyewe. Lakini kusubiri jina sio kukaa. Mpeleke apimwe macho na masikio, aonwe kituo cha afya, uombe barua ya rufaa uje hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa, uulizie watu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) au tiba ya kazi (ya shughuli za kila siku kama kula na kuvaa) kama wapo siku hiyo. Hatuko wengi nchi hii kwa hiyo piga simu kwanza usije ukapoteza nauli. Nyumbani mpe kijiko chenye mpini mnene, bakuli zito lisiloteleza, weka kitambaa kibichi chini yake. Mlenda umwekee baadaye, aanze na ugali mgumu kwanza haha.

Mzee wa Fimbo

Nina mjukuu hapa kwangu wa darasa la nne. Kamba za viatu. Kila asubuhi tunagombana. Fundi ile ya kumwachia cha mwisho, kwenye kamba inakuwaje?

Spoku Mbili

Mzee wangu shikamoo. Wewe funga fundo la chini, tengeneza vile vitanzi viwili, vipishanishe, mwachie yeye kuvuta tu. Akishazoea kuvuta mwachie kupishanisha na kuvuta. Sisi tulitumia kamba mbili za rangi tofauti, moja nyeusi moja ya kahawia, zimeunganishwa katikati, ili aone ipi inapita wapi. Muwekee kiatu mezani mbele yake kwanza, kisiwe mguuni, kwenye mguu unainama huoni vizuri. Na fanya jioni. Asubuhi ya kuchelewa shule hakuna anayejifunza.

Mzee wa Fimbo

Nimekupata. Kamba ya kahawia nitaipata Majengo.

Kibaigwa Original

Fundi ile baiskeli ya 16 isiyo na pedeli unaiuza?

Spoku Mbili

Hapana mkuu, nimeitoa kwa jirani, ana binti wa miaka 7 yuko hivyo hivyo. Ila lete yoyote ya kwako nikung'olee pedeli bure, uje na spana yako tu maana ya 15 mwanangu ameifukia mahali na hakumbuki.